Kiti cha Uwanjani: Panda Juu Kwanza

Kwenye viwanja vingi vya mpira duniani, kiti kinachogombewa kuliko vyote ni cha safu za mbele, usawa wa mstari wa kati, hatua chache kutoka mabenchi ya ufundi. Ukiwa hapo unamsikia kocha akifoka, unaona mishipa ya shingo ya winga anapokuja kurusha mpira, na mchezaji anayetolewa anapita karibu kiasi cha kumwita jina akageuka. Wenye viwanja wanaujua mvuto huo na wanakiuza kiti kwa heshima zake zote. Lakini kwa mtu aliyekuja kuutazama mchezo wenyewe, namna watu ishirini na wawili wanavyojipanga, wanavyovutana na wanavyofunguana, hicho ni miongoni mwa viti vibaya kabisa. Nasema hivi nikiwa na hesabu mkononi, na mwanafunzi yeyote wa jiometri anaweza kuikagua.

Tuseme umekaa mita 10 kutoka mstari wa pembeni, macho yako yakiwa mita 2.5 juu ya usawa wa nyasi. Uwanja una vipimo vya kawaida vya mashindano ya kimataifa, urefu mita 105 na upana mita 68. Katikati amesimama kiungo mwenye kimo cha mita 1.8, kwa hiyo kutoka kwako hadi kwake kuna mita 44. Vuta mstari kutoka jichoni mwako, upite juu ya utosi wake, uendelee mpaka uguse ardhi. Utaigusa zaidi ya mita 110 nyuma yake, wakati mstari wa pembeni wa upande wa pili uko mita 34 tu nyuma yake. Ardhi yote iliyo nyuma ya kiungo huyo, hadi nje ya uwanja, imefichwa na mwili wake. Ukimwona winga akichungulia begani kwake, huwezi kujua kama yuko mita tano au mita ishirini kutoka hapo. Sasa wajaze wachezaji wengine wote na mwamuzi katikati yao, wote wakikimbia.

Panda juu. Macho yako yawe mita 20 kutoka usawa wa nyasi, hata kama kupanda huko kumekurudisha nyuma hadi mita 30 kutoka mstari wa pembeni. Kiungo yuleyule sasa yuko mita 64 kutoka kwako, lakini ardhi anayokuficha haizidi sana mita sita. Umepoteza mita 20 za ukaribu, na karibu uwanja wote umekufungukia.

Ardhi hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Mwenye mpira kwa wakati wowote ni mmoja tu. Wengine ishirini na mmoja wanahangaika na nafasi isiyo na mtu, wakiifungua, wakiiziba, wakiikimbilia, wakimvuta mlinzi aiache wazi. Beki wa kati akipanda hatua mbili kumfuata namba tisa aliyeshuka kuomba mpira, nyuma yake panabaki uwazi, na sekunde chache baadaye pasi mpenyezo inapita papo hapo na nyavu zinatikisika. Aliyekaa safu ya tatu ataruka na wenzake kushangilia, ila ukimuuliza goli limetoka wapi atakutajia mfungaji na labda mtoa pasi. Zile hatua mbili za beki hakuziona, na hakuwa na namna ya kuziona.

Wanaolipwa kuusoma mchezo hawakai chini. Kamera kuu ya televisheni hufungwa juu jukwaani. Wachambuzi wa video wa klabu hurekodi kutoka juu kwa lenzi pana inayowakusanya wachezaji wote. Kwenye raga, makocha wakuu wa timu kubwa hutazama mechi wakiwa juu kabisa na maagizo yao hushushwa kwa redio. Mpira wa miguu umemwacha kocha chini kwa sababu anahitaji kusikika na wachezaji wake, naye analipia hilo kwa kuona vibaya. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, FIFA ilizipa timu kompyuta za tableti na kuziruhusu kuweka wachambuzi jukwaani wawasiliane na benchi mechi ikiendelea. Kocha wa timu ya taifa, mtu aliyekula na kulala na mpira tangu utotoni, anahitaji macho ya mwenzake aliyekaa juu ili ajue kinachotokea mbele ya miguu yake. Sioni kwa nini shabiki ajidhanie kuwa ataona zaidi akiwa usawa uleule.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa anayetafuta tiketi ni hili: nunua kimo kabla ya ukaribu. La pili, kati ya kukaa pembeni na kukaa nyuma ya goli, linahitaji maelezo marefu zaidi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa soka.

Televisheni imetufunza kwamba mpira hutazamwa kutoka pembeni. Mchezo unakwenda kushoto na kulia, na kila picha tuliyo nayo kichwani ya mechi kubwa imechukuliwa kutoka upande huo. Utaratibu wa kuuza tiketi unafuata mazoea hayohayo: kwenye Kombe la Dunia, daraja la kwanza la tiketi kwa kawaida limekuwa la majukwaa ya pembeni, na madaraja ya chini yakasukumwa kwenye kona na nyuma ya magoli. Shabiki anatoka nyumbani, anasafiri, anapanga foleni, kisha anatoa fedha nyingi zaidi ili aone kwa pembe ileile anayoiona kila wiki kwenye skrini, bila marudio na bila picha ya karibu.

Kutoka pembeni unaona vizuri kina cha timu, yaani umbali kati ya mstari wa mabeki, wa viungo na wa washambuliaji. Kama timu yako inaishi kwa mtego wa kuotea na kwa kubana mistari yake, upande huo unakufaa. Milan ya kocha Arrigo Sacchi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa timu ya kutazamwa kutoka pembeni: Sacchi alitaka kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele pasizidi mita 25 hivi, na uzuri wa kazi yake ulikuwa kuiona mistari ile ikipanda na kushuka kwa pamoja, kama ngalawa zilizofungwa kamba moja. Aliyekuwa nyuma ya goli aliukosa uzuri huo.

Lakini soka la miaka hii limepanuka. Timu nyingi kubwa zinajenga mashambulizi kwa kugawa uwanja katika njia zinazokwenda kutoka goli hadi goli, na kila njia ina mtu wake. Kocha Pep Guardiola ana kanuni inayojulikana: wasipatikane wachezaji zaidi ya watatu kwenye mstari mmoja wa upana, wala zaidi ya wawili kwenye njia moja ya urefu. Winga anaganda kwenye chaki ili amvute beki wa pembeni atoke, kiungo anaingia kwenye ufa uliobaki kati ya beki huyo na beki wa kati, na beki wa pembeni wa timu inayoshambulia anaingia katikati acheze kama namba sita, yaani kiungo mkabaji. Upana wa ufa huo, mita nane au mita tatu, ndio unaoamua kama pasi itapita. Kutoka pembeni huuoni, kwa sababu wachezaji wa kushoto na wa kulia wamelaliana kwenye mstari mmoja wa macho yako. Kutoka nyuma ya goli, juu, unauona kama unavyomwona mwenye mpira. Unaona kipa akitafuta upande wa kutolea, unaona ukuta wa ulinzi ukisogea kulia mpira ulipokwenda kulia, unaona winga wa kushoto amebaki peke yake, na unajua mpira wa kubadili upande unakuja kabla haujapigwa. Sijapata raha nyingine ya uwanjani inayofikia hiyo.

Pembe hii ina gharama yake. Kina kinajibana. Mpira uliopigwa kutoka mbali kuelekea goli la upande wa pili huwezi kujua kama umepita juu ya mtambaa wa panya au chini yake mpaka uone nyavu. Pasi ya mita 30 na ya mita 40 zinafanana. Na shambulizi la goli la mbali linakuwa zaidi ya mita 120 kutoka kwako. Utasoma mpangilio, lakini namba za migongoni utazikosa. Anayeniambia kwamba hilo ni hasara kubwa mno kwake simbishii. Aende pembeni, ila apande.

Waliokaa pembeni nao wana upofu wao, na wengi hawaujui. Mpira unaogonga nyavu za pembeni kwa nje huamsha jukwaa zima la ubavuni likishangilia goli ambalo halipo, wakati walio nyuma ya lango wameshakaa. Kubwa zaidi ni kuotea. Mwaka 2000 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Uholanzi kuhusu makosa ya washika vibendera. Walionyesha kwamba kiini cha makosa mengi ni mahali mwamuzi msaidizi aliposimama: akitangulia kidogo au akibaki nyuma kidogo ya beki wa mwisho, pembe inamdanganya hata kama macho yake ni mazima na nia yake ni safi. Huyo ni mtu aliyefunzwa, anayekimbia sambamba na mstari, na kosa lake la kusimama ni la mita moja au mbili. Shabiki wa mstari wa kati yuko mita 30 au 35 kutoka mstari huo. Kwake, mshambuliaji aliye upande wa karibu huonekana amemtangulia beki, na aliye upande wa mbali huonekana yuko nyuma ya beki, hata wakiwa sawa kabisa. Matusi mengi wanayomwagiwa washika vibendera yanatoka kwenye viti ambavyo haviwezi kuamua lolote. Ningependa watu walijue hili kabla ya kumzomea mtu anayefanya kazi ngumu kuliko zote uwanjani.

Kama ni lazima ukae pembeni, na mara nyingi ni lazima kwa sababu ndizo tiketi zilizobaki, usiung'ang'anie mstari wa kati. Usawa wa mstari wa boksi la penalti, juu, ni bora kwangu. Kwa nusu moja ya mechi unakuwa karibu kabisa na mahali kuotea kunapoamuliwa, krosi zinapochongwa na penalti zinapotolewa. Nusu nyingine unakuwa mbali, ni kweli, mita 88 na nusu kutoka mstari wa goli la pili. Ila wa katikati naye yuko mita 52 na nusu kutoka kila goli dakika zote tisini, na mpira unapovuka katikati huwa unapita tu kwenda mahali pengine.

Chagua upande ambao timu yako itashambulia kipindi cha pili, maana hapo ndipo uchovu unafungua mechi. Klabu nyingi zina mazoea yake: Liverpool hupenda kuelekea jukwaa la Kop baada ya mapumziko, na wageni wanaoshinda shilingi wakati mwingine huwageuza makusudi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, anayeshinda kura ya shilingi anaweza kuchagua goli la kushambulia au kuanza mpira, kwa hiyo mazoea si ahadi. Lakini ukikaa kwenye kona ya juu, kati ya jukwaa la nyuma ya goli na usawa wa boksi, umejikinga kiasi: unaona njia za urefu kwa mshazari na bado unapata kidogo cha kina. Kona ya juu ndiyo kiti ninachokitafuta mimi kwanza, na kwa bahati njema ni wachache wanaokipigania.

Shauri hili lote linageuka pale penye uwanja wa riadha. Njia ya kukimbilia ya kawaida ya mita 400 ina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 na mapindo mawili yenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Ukipiga hesabu, kati ya mstari wa goli na ukingo wa ndani wa pindo kuna takribani mita 26. Ongeza njia nane za kukimbilia, karibu mita 10, na kiti cha kwanza kabisa nyuma ya goli hakiwezi kuwa chini ya mita 36 kutoka langoni. Pembeni pengo hilo ni la mita 12 hadi 13 tu. Kwenye uwanja wa namna hiyo jukwaa la nyuma ya goli ni jangwa. Wanaotoa miongozo ya ujenzi wa viwanja vya soka wanataka watazamaji wengi wawe ndani ya duara la mita 90 kutoka kitovu cha uwanja, na asiwepo aliye zaidi ya mita 190 kutoka kona ya mbali. Aliye nyuma ya goli kwenye uwanja wa riadha anavuka kile kipimo cha mita 90 upesi mno. Hapo nenda pembeni, juu, usawa wa boksi, wala usifikiri mara mbili.

Klabu zenyewe zililijua hili kwa machungu. Juventus walicheza miaka mingi Delle Alpi, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990 ukiwa na njia ya riadha. Ulikuwa mkubwa na baridi, watu wakiwa mbali na mchezo. Waliondoka mwaka 2006, ukabomolewa, na mahali pake mwaka 2011 ukafunguliwa uwanja mdogo zaidi, wa watu 41,000 na ushei, majukwaa yakiwa mita chache kutoka kwenye nyasi. Bayern Munich nao waliuhama uwanja wa Olimpiki wa jiji lao mwaka 2005.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mnunuzi wa tiketi angepaswa kukijua, na hakuna anayemwambia. Wasanifu hukiita thamani ya C. Ni milimita ambazo mstari wako wa kuona unapita juu ya macho ya aliyekaa safu ya mbele yako, ukilenga sehemu ya uwanja iliyo karibu zaidi. Milimita 120 ni bora. Kwenye 90 bado uko salama. Kwenye 60 unaanza kuinua kidevu na kutafuta mwanya kati ya vichwa viwili. Jukwaa lenye mteremko mmoja usiobadilika huzipunguza milimita hizo kadiri unavyopanda, ndiyo maana majukwaa ya juu hujengwa yakiwa yamesimama zaidi. Allianz Arena ya Munich inalionyesha hili vizuri: ngazi ya chini imeinama nyuzi 24, ya kati 30, ya juu 34. Nyuzi 34 ndizo pia kikomo kinachopendekezwa Uingereza, na jukwaa la kusini la uwanja mpya wa Tottenham, lenye watu 17,500 katika ngazi moja, limejengwa kwa kukikaribia kikomo hicho. La Bombonera ya Buenos Aires, iliyofunguliwa mwaka 1940, ilisimamishwa majukwaa yake kwa sababu kiwanja kilikuwa kidogo. Ufinyu wa ardhi ukawapa mashabiki wake mahali pa kutazamia ambapo wengi wenye ardhi tele hawakupata.

Jukwaa refu lililolala ndilo la kuogopwa. Linakurudisha nyuma bila kukupandisha. Bora jukwaa la pili lililoegemea juu ya la kwanza, na ndani yake safu za tatu hadi ya kumi hivi. Safu mbili za mwanzo mara nyingi zina reli ya usalama inayokata mstari wa pembeni wa karibu, na unajikuta umeinama dakika tisini. Viti vya mwisho vya ngazi ya chini, vilivyofunikwa na sakafu ya ngazi ya juu, navyo viepukwe: kila mpira mrefu unapotea darini, na ubao wa matokeo huuoni. Kwenye viwanja vya zamani, chunguza nguzo. Jukwaa la Johnny Haynes la Fulham, lililosanifiwa na Archibald Leitch na kujengwa mwaka 1905, bado lina nguzo zake na viti vyake vya mbao, na lina uzuri wa aina yake, ila nguzo moja iliyokaa kati yako na goli inaweza kukunyima nusu ya matukio ya msingi.

Jua na mvua havihitaji maneno mengi. Viwanja vingi hujengwa goli moja kaskazini na jingine kusini, jukwaa kuu likiwa magharibi, ili jua la alasiri lipige migongo ya waliokaa jukwaa hilo. Ukinunua upande wa mashariki kwa mechi ya saa kumi, utaangalia kipindi kizima kiganja kikiwa kwenye paji la uso. Na paa, hata likichorwa kufunika viti vyote, haliwezi kuzuia mvua ya upepo isiwafikie safu za mbele.

Nimesema kana kwamba kila mtu anakwenda uwanjani kusoma mbinu, na hilo si kweli. Wapo wanaokwenda kuimba. Jukwaa la kusini la Dortmund, wanaloliita Ukuta wa Njano, husimamisha takribani watu 25,000, na hakuna aliye humo kwa ajili ya pembe nzuri ya kuona. Wanaona bendera, mabega na moshi. Wanachokipata ni kuwa sehemu ya sauti inayobadili mechi, na ninawaheshimu kwa hilo kwa sababu bila wao sisi tuliokaa juu tungekuwa tunatazama mazoezi. Wapo pia wanaompeleka mtoto uwanjani kwa mara ya kwanza, na kwa mtoto huyo safu ya tano ni sahihi kabisa: kasi ya winga na uzito wa mpira unaopigwa karibu ni mambo ambayo kutoka juu yanalainika mno. Akikua atapanda mwenyewe. La kusisitiza kwa wazazi ni kwamba kwenye majukwaa ya waimbaji watu husimama mwanzo hadi mwisho, na mtoto atarudi nyumbani akiwa ameona migongo.

Hoja hii ya kusimama inanifikisha kwenye jambo ambalo ramani za viti hazilionyeshi, nalo ni mlango wa kutokea. Historia ya majukwaa imeandikwa kwa vifo. Tarehe 24 Mei 1964 mjini Lima, mechi ya Peru na Argentina, polisi walirusha mabomu ya machozi majukwaani; watu walikimbilia ngazi za kutokea, wakakuta milango ya chini imefungwa. Idadi rasmi ya waliokufa ni 328, na wengi wao walifia kwenye ngazi hizo. Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, watu 66 walifariki kwenye ngazi moja ya kutokea. Bradford, tarehe 11 Mei 1985, jukwaa la mbao liliteketea kwa dakika chache na watu 56 wakafa. Waliokimbilia nyuma walikuta mageti yamefungwa, wengi wa waliorukia uwanjani walipona. Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, mbele kulikuwa na uzio, na msongamano nyuma yake uliua watu 97. Baada ya hapo ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ilisababisha majukwaa yawe ya viti pekee, bila sehemu za kusimama, katika madaraja ya juu ya soka la Uingereza, hadi Januari 2022 ilipoanza kuruhusiwa tena kusimama kwenye sehemu zenye reli kila safu. Na tusidhani ni mambo ya zamani: tarehe 1 Oktoba 2022 kwenye uwanja wa Kanjuruhan nchini Indonesia, mabomu ya machozi yalirushwa tena kuelekea majukwaani, watu wakabanana kwenye milango, na waliokufa walifika 135.

Miongozo ya Uingereza inataka jukwaa liweze kutoa watu wake wote kwa dakika nane katika hali ya kawaida. Mtazamaji hana saa ya kupimia hilo kabla ya kununua, lakini akifika anaweza kuangalia ni njia ngapi zinatoka kwenye sehemu yake, kama ngazi zina upana, kama mageti yana mtu anayeyasimamia na yanaweza kufunguka. Kwa anayekwenda na wazee au watoto, ningependelea kiti cha ukingoni mwa njia kuliko cha katikati ya safu ndefu, hata kama pembe yake ni mbaya kidogo. Na usikae katikati ya mashabiki wa timu pinzani ukiwa na jezi yako. Sehemu ya wageni ipo kwa sababu, hata kama mara nyingi imetupwa kwenye kona isiyopendwa.

Nimebakiza watu ambao hawachagui. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kwenye viwanja vingi, anapewa nafasi chini kabisa kando ya uwanja, kwa sababu ni rahisi kumfikisha hapo. Amepewa kile kiti cha mita 2.5, mara nyingi hata chini ya hapo, kisha mbele yake wakawekwa watu wenye miguu inayosimama. Kila kona, kila penalti, kila shambulizi la dakika ya mwisho, wao wanainuka na yeye anabaki na migongo. Mwaka 2015 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza ziliahidi kufikia viwango vya viwanja rafiki kwa walemavu ifikapo Agosti 2017, na baadhi zilichelewa, ingawa ligi hiyo ina fedha kuliko ligi zote za soka. Suluhisho lake linajulikana: nafasi hizo zipandishwe juu ya watu waliosimama mbele, zifikiwe kwa lifti, zigawanywe pande zote za uwanja ili naye aweze kuchagua kati ya goli na pembeni, na awe na mwenzake kando yake. Lifti inagharimu, lakini jukwaa la wageni mashuhuri halijawahi kukosa lifti.

Ombi langu kwa klabu ni dogo kuliko hilo na lingeweza kutekelezwa msimu huu. Ramani ya tiketi mtandaoni ioneshe, kando ya namba ya kila kiti, macho ya mtazamaji yatakuwa mita ngapi juu ya nyasi, yako mita ngapi kutoka mstari wa karibu, na thamani ya C ni ngapi, aliye mbele akiwa ameketi na akiwa amesimama. Takwimu hizo zimo tayari kwenye michoro ya wasanifu, maana jukwaa la kisasa huanza kuchorwa kwa mistari ya kuona ya kila safu. Zianze kuchapishwa kwa nafasi za viti vya magurudumu, kwa kuwa mnunuzi wake ndiye pekee asiyeweza kusimama wala kuhama safu akigundua kwamba kile alichouziwa ni mgongo wa mtu.